Nani analipa kikwembe? Maneno yetu kwa wakaaji wa Kasha

Kasha, komini ya Bagira, Septemba 2024

Tunajua kuna wenye wameacha bidhaa juani na kuna wenye bado wanangojea zamu yao ya maji. Hatutazunguka.

Mwaka jana, toka tarehe 19 Novemba mpaka 18 Desemba, mulipata wageni wengi. Magari yenye vipaza sauti yalipanda mpaka Ciriri, mu njia ileile ambayo mvua ikinyesha hata mwenye pikipiki anakataa. Kulikuwa vikwembe vyenye sura ya mgombea, kofia, chumvi, mchele, kreti za bia. Wakati ule tulipita mu avenyu tukiuliza watu swali moja tu: huyu mgombea anatoa wapi feza hii yote? Mama mmoja alitujibu kwa maneno mawili: "Ana watu." Wote waliokuwa pale wakaitika, kwani ndivyo inavyojulikana. Ule ana watu. Ule mwingine hana watu, ataanguka.

Leo tumekuja kuuliza wale watu ni nani.

Mu avenyu zetu kila mtu anajua boutike yenye kukopesha. Mwenye boutike ana kaye. Anaandika: sukari, sabuni, mafuta, jina lako, tarehe. Mwisho wa mwezi anafungua kaye na munahesabu pamoja, na kama kuna udanganyifu munagombana mbele ya watu. Tajiri mwenye kulipia mgombea magari, mafuta, vikwembe na redio, naye ana kaye. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, kaye yake hakuna mwenye kuiona. Ya pili, atakayelipa deni ni mtu ambaye hakukopa. Deni linalipwa kwa soko la serikali linalotolewa bila mashindano. Linalipwa kwa kusamehewa kodi, kwa kibali cha mgodi, kwa njia iliyojengwa nusu na kulipwa nzima, kwa kiti cha mkubwa fulani kupewa mtoto wa shemeji. Mama aliyepokea kikwembe kile mu Novemba anadhani alipewa zawadi. Kumbe jina lake liko mu kaye na bei haijasemwa.

Sheria yetu ya uchaguzi inakataza kutumia mali na wafanyakazi wa serikali mu kampeni. Hilo ni zuri, hata kama sote tulijionea magari yenye plaki tunazozijua. Lakini sheria hiyo haiweki kikomo cha feza ambayo mgombea anaweza kutumia. Anayetaka urais analipa dhamana ya franka milioni 160, na hiyo ni ya kuingia mlangoni tu. Toka pale, mwenye elfu kumi anashindana na mwenye milioni kumi, na mpiga kura haonyeshwi hesabu ya yeyote.

Mutatuambia: hayo ni maneno ya mitaani, mashahidi wako wapi? Basi tusikilize mambo yaliyosemwa na wakubwa wenyewe. Mwezi wa tatu 2019 wabunge wa majimbo walichagua maseneta. Malalamiko ya kununua kura yakawa mengi sana, mpaka tarehe 18 Machi mkutano wa wakubwa wa inchi, rais akiwa ndani, ukasimamisha kuingizwa kwa maseneta na kusogeza mbele uchaguzi wa magavana. Mu Kinshasa chama cha rais mwenyewe kilikuwa na wabunge wa jimbo, lakini hakikupata seneta hata mmoja pale. Watu wakachoma matairi. Siku chache baadaye kizuizi kikaondolewa, maseneta wakaketi, na swali la feza ilitoka wapi likaketi pamoja nao. Kisha tarehe 5 Januari mwaka huu, CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82 juu ya udanganyifu na fujo, mawaziri na magavana wakiwa ndani ya liste. Tarehe 29 Aprili wabunge wetu wa jimbo wakachagua gavana. Hatumshitaki mtu hapa. Tunasema tu kwamba kura ya gavana iko mikononi mwa watu wachache sana, wanaoweza kuingia mu chumba kimoja cha hoteli, na mpaka leo mkaaji wa Kasha hana karatasi ya kumuonyesha nani alisaidia mgombea gani, na kwa feza ngapi.

Sasa tutoke kidogo mu Bukavu, twende Katanga, juu huko ndiko kaye ilifunguka kidogo na tukaona kurasa.

Kati ya 2010 na 2012, kampuni ya serikali, Gécamines, na wenzake waliuza sehemu zao mu migodi ya shaba na kobalti. Waliuza kwa kampuni zilizoandikwa mu visiwa vya Virgin vya Uingereza, mahali ambapo kampuni inaweza kuwa sanduku la barua tu na mwenyewe hajulikani. Mwaka 2013 kamati ya Africa Progress Panel, iliyoongozwa na Kofi Annan, ilichukua mauzo matano tu ikayapima: bei iliyolipwa upande huu, thamani yake upande ule. Tofauti ilikuwa dola milioni 1360. Walisema hiyo ni karibu mara mbili ya bajeti ya afya na ya masomo ya Congo, zote mbili pamoja, kwa mwaka mzima. Ninyi wenye kulipa mwalimu kwa mifuko yenu wenyewe, kwa ile franka tunaita ya motivasyo, shikeni hesabu hiyo.

Nyuma ya kampuni zile alionekana mfanya biashara wa Israeli, Dan Gertler, rafiki wa rais Joseph Kabila. Tarehe 21 Desemba 2017 serikali ya Marekani ilimwekea vikwazo, ikisema alitumia urafiki ule kujifanya mlango ambao kila mwenye kutaka migodi apitie. Yeye anakana kosa lolote, na hatuna mahakama iliyomhukumu. Lakini ona mambo yalivyoendelea: mwezi wa kwanza 2021, siku za mwisho za Trump, alipewa ruhusa kimyakimya ya kulegeza vikwazo vile. Habari ikatoka nje, watu wakapiga kelele, na mwezi wa tatu serikali ya Biden ikaifuta. Hata mu inchi kubwa kama ile, iliyosaidia ni kujulikana.

Kwetu ilikuwaje? Mu 2011 Gécamines ilikuwa imeuza sehemu yake mu mgodi wa Comide. Shirika la feza la dunia, FMI, likauliza: mumeuza kwa nani, kwa bei gani, mutuonyeshe kontra. Tangu 20 Mei 2011 tulikuwa na dekre ya waziri wa kwanza inayosema kila kontra ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Dekre yetu wenyewe, haikuletwa na mzungu! Majibu hayakutosha, na mwisho wa 2012 FMI ikaacha mpango wake wa mkopo na Congo. Yaani serikali ilipendelea kukosa mkopo kuliko kueleza sawasawa. Na katikati ya miaka ile mitatu kuna tarehe 28 Novemba 2011, siku ya uchaguzi. Hatusemi kwamba feza ya migodi ndiyo ilinunua vikwembe vya 2011. Hatuna karatasi ya kusema hivyo, na hakuna mwenye ana karatasi ya kusema hapana. Shida yetu yote iko hapo.

Wazee wa hapa wanakumbuka ndege iliyoanguka Kavumu tarehe 12 Februari 2012. Ndani yake alikufa Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa rais ambaye watu wengi walisema anashika funguo za migodi na za siasa kwa pamoja. Siku ile Bukavu nzima ilikimbilia redio. Mtu mwenye nguvu namna ile, na mwananchi wa kawaida hakuwahi kujua ana hisa wapi na hana wapi.

Kurasa zingine za kaye zilifunguliwa na watu wa nje, kwa faida yao. Mwaka 2016 mfuko wa Marekani, Och-Ziff, ulikubali kulipa zaidi ya dola milioni 400 juu ya rushwa katika Afrika, Congo ikiwa ndani. Mwaka 2022 Glencore ilikiri mahakamani kwamba ilitoa rushwa mu inchi kadhaa, Congo ikiwa ndani tena, na mwezi wa 12 ikakubali kulipa Congo dola milioni 180. Tunauliza kwa heshima: kama kuna mwenye kukiri kwamba alitoa, waliopokea wako wapi? Majina yao yamebandikwa ku ukuta gani?

Na ukurasa mwingine ulifunguliwa na Mukongomani. Mwaka 2016 Jean-Jacques Lumumba, mfanyakazi mkubwa wa benki ya BGFI mu Kinshasa, alitoka na karatasi na akalazimika kukimbia inchi. Benki ile iliongozwa na ndugu wa rais Kabila, na asilimia 40 ya hisa ilikuwa mikononi mwa dada wa rais. Mu Novemba 2021 ikatoka ile kazi ya waandishi wa habari na mashirika, Congo Hold-up, juu ya karatasi zaidi ya milioni 3 za benki hiyo. Shirika la The Sentry likahesabu kwamba kati ya 2013 na 2018 dola zisizopungua milioni 138 za serikali zilipita kwa watu wa familia ya rais na wenzao. Serikali ilisema itachunguza. Tunangojea.

Tunawaomba mukamate huyo dada na huyo ndugu mu kichwa, juu tunafika sasa ku sheria.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006 ina kifungu cha 99. Wengi wetu hatujakisoma, tukisome leo pamoja. Kinasema: mbele ya kuingia kazini, na tena wakati wa kutoka, rais na kila waziri anapeleka ku Mahakama ya Katiba maandiko ya mali yote ya familia. Ataje hisa, konti za benki, nyumba, viwanja, mashamba, misitu, migodi, pamoja na karatasi zake. Asipoleta ndani ya siku 30, anahesabiwa kwamba ameacha kazi. Mahakama inapeleka maandiko hayo ku ofisi ya kodi. Na kifungu cha 98, jirani yake, kinamkataza rais na waziri kununua mali ya serikali, yeye mwenyewe au kwa kupitia mtu, na kuingia mu masoko ya serikali.

Sheria nzuri sana. Waliyoiandika walijua watu wao. Lakini tazameni mashimo yake.

Maandiko yanaingia mahakamani mu bahasha, na kifungu hakisemi popote kwamba bahasha ifunguliwe mbele ya wananchi. Tunasikia ku redio kwamba waziri fulani amepeleka. Mu picha tunamuona anashika karatasi na anacheka. Kilichoandikwa ndani, hapana. Sasa nani atasema "lakini ile nyumba ya Nguba aliisahau", kama jirani mwenye kuijua nyumba ya Nguba haonyeshwi liste? Hakimu wa Kinshasa hawezi kujua kila kiwanja cha Bukavu. Sisi tunajua, tunapita pale kila siku.

Shimo la pili: familia inayohesabiwa ni bwana na bibi, watoto wadogo, na watoto wakubwa ambao bado wanategemea wazazi. Dada haiko ndani. Ndugu haiko ndani. Rafiki mwenye kampuni mu kisiwa haiko ndani. Rudini ku ile benki sasa, na mutaona kwamba hata kama kila kitu kingeandikwa kwa ukweli mtupu, bahasha ingenyamaza.

Na shimo la tatu linatugusa sisi watu wa chini: kifungu kinataja rais na mawaziri wa Kinshasa. Hakitaji mbunge, hakitaji gavana, hakitaji mshauri wa komini tuliyemchagua Desemba iliyopita. Na yule tajiri aliyelipa kampeni hatajwi popote.

Kivu ya Kusini inalipa bei ya ukimya huo kila siku. Agosti 2021 gavana alisimamisha kampuni za Wachina zilizochimba dhahabu Mwenga, baada ya wakaaji kulalamika juu ya mito na mashamba kuharibika. Mwezi wa saba mwaka huu gavana mpya naye akasimamisha kazi zote za machimbo mu jimbo. Kila mara ni vilevile: mashine zinaonekana, mto unageuka matope, lakini Mukongomani mwenye nguvu aliyesimama nyuma haonekani. Sheria inaweka uchimbaji wa mikono kwa Wakongomani walio mu kooperative, na inakataza wanajeshi, polisi, mahakimu na wafanyakazi wa serikali kuwa na haki za migodi. Kuandika jina la binamu ku karatasi kunachukua dakika tano. Ndiyo maana tunataka jina la mwenye kula faida, hata kama jina lenye sahihi ni la mwingine.

Kuna wenye kutupinga, na hawasemi ujinga. Baba mmoja wa hapa Kasha alituambia wiki iliyopita: mukitangaza mali ya mtu, majambazi wataingia kwake usiku. Mu Bukavu ya leo hatuwezi kumcheka. Jibu letu: hatuhitaji namba ya nyumba wala namba ya konti. Tunahitaji kujua kuna nyumba ngapi na mu muji gani, hisa mu kampuni gani, deni kwa nani. Na jambazi, tunaongeza, hajawahi kungojea liste ili ajue tajiri ni nani.

Wengine wanasema tunamuwinda mkubwa fulani wa kwetu. Hapana. Mbele ya watu wa Bukavu tunaweza kusema neno juu ya kesi ya siku 100. Mwaka 2020 inchi nzima ilitazama televisheni: mtoto wa jimbo hili, Vital Kamerhe, akihukumiwa miaka 20 juu ya feza ya nyumba. Mu 2022 mahakama ikamuachilia bila kosa, na mu 2024 alikuwa anaongoza Bunge la taifa. Kuna mu familia moja, mezani pamoja, wenye kusema alionewa na wenye kusema aliokolewa. Toka 2020 wanabishana bila karatasi. Mali yake ingekuwa imetangazwa siku ya kwanza, mali yake na ya kila mkubwa, asiyekosa angekuwa na ngao na mwenye kukosa angekuwa na shida. Kutangaza kunamsaidia hata mkubwa aliye safi.

Tena kuna wenye kutuambia hii haiwezekani mu Afrika. Jirani zetu Tanzania wana sheria ya gharama za uchaguzi tangu 2010, inayoweka kikomo na kudai hesabu. Kenya walitunga yao 2013, na tume yao ilipoleta viwango Agosti 2021, wabunge wakavikataa. Sheria peke yake haifanyi kazi ya watu, ni kweli. Lakini angalau kule wabunge walilazimika kukataa wazi.

Na munatuuliza kila mara: ninyi nani anawalipa? Swali la haki. Bango hili limelipwa na wanamemba 14, kila mmoja franka 2000. Megafoni tumeazima ku parokia. Vinywaji hakuna, samahani. Karatasi ya hesabu iko imebandikwa pale mlangoni, na toka leo itabandikwa kila mkutano.

Tunachoomba kiko mu petisyo iliyo mezani. Bunge litunge sheria ifungue bahasha ya kifungu cha 99, na iongeze wabunge, magavana na washauri wa komini. Kila mgombea aonyeshe nani alimpa feza na ngapi, mbele ya siku ya kupiga kura, wakati bado tunaweza kuchagula tukijua. Kila kampuni yenye kuchukua soko la jimbo au mgodi itaje mtu wa kweli aliye nyuma. Washauri wa komini ya Bagira hawana haja ya kungojea Kinshasa. Kalamu zinauzwa hapa, wanaweza kuandika yao wiki hii, na tutawashukuru kwa majina, hadharani.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa petisyo, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa anajibu ndani ya miezi mitatu. Asiyejua kuandika aweke kidole. Wino uko na mwenzetu mwenye kofia nyekundu. Musitie sahihi bila kusomewa. Kesho yake ya kupeleka tutabandika hapa kopi yenye mhuri wa kupokelewa, na tarehe yake. Toka tarehe ile tutahesabu miezi mitatu, na siku ya mwisho tutarudi uwanja huu huu, saa nane kama leo, tuwasomee jibu walilotuma, au tuwaambie kwamba halikufika.